Mfuko wa kitenge wa sokoni, vishikio visivyong'oka

Mfuko wa kitenge ni nadra kuchanika katikati. Huchanikia pale kishikio kilipoungana na mdomo, tena siku uliyobeba viazi. Kwa hiyo jasho langu kubwa nalimwaga kwenye vishikio. Mengine yanakwenda haraka.

Yadi moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 115 inatosha mfuko mmoja, na mabaki yapo. Wauzaji wengi wa vitenge Kampala hupendelea kukupa yadi 6 nzima, basi kama unataka mfuko mmoja tu, muulize fundi aliye karibu nawe mabaki yake. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, naikata kwenye shuka ya pamba ya mitumba kutoka soko la Owino: imeshafuliwa mara nyingi, haitasinyaa tena. Kitenge kipya ndicho cha kuloweka, kufua na kupiga pasi kabla ya kukata, kwa sababu wanga uliomo hukifanya kionekane kizito na kilichonyooka kuliko kilivyo. Ukikata bila kufua, ufuaji wa kwanza utasinyaza kitenge huku bitana ikibaki ilivyo, na mfuko utakunjamana.

Nakata vipande viwili vya kitenge, upana 42 na urefu 45 (sentimita), na viwili vya bitana vya kipimo hicho hicho. Kuna wanaokata kipande kimoja kirefu na kukikunja chini. Sikubaliani nao kama kitenge kina ndege au maua yenye kichwa, maana upande wa pili picha zitasimama kichwa chini. Katika kila kona ya chini, kwenye vipande vyote vinne, nakata mraba wa sentimita 5. Mishono yangu ni ya sentimita 1, na kitako kinatoka na upana wa sentimita 10.

Vishikio ni vipande viwili vya 10 kwa 65. Kunja kingo zote mbili za urefu zikutane katikati, piga pasi, kunja tena, upate mkanda wa sentimita 2.5 wenye matabaka manne. Shona kingo zote mbili. Sindano namba 14 inatosha mwili wa mfuko, lakini hapa naweka namba 16. Nyembamba huruka mishono au huvunjika.

Shona mbavu na chini ya kitenge, kisha kutanisha mshono wa ubavu na wa chini kwenye kila kona uliyokata, ushone kukatiza. Bitana vivyo hivyo, ila chini acha upenyo wa sentimita 12, na mshono wake uwe mkubwa kidogo, sentimita 1.3, isije ikaning'inia ndani. Bandika vishikio kwenye uso wa kitenge vikitazama chini, kila ncha sentimita 11 kutoka ubavuni, na mkia wa sentimita 4 ukichomoza juu ya mdomo. Mkia ndio siri. Ingiza kitenge ndani ya bitana, nyuso zitazamane, shona mdomo kuuzunguka, kisha geuza kupitia ule upenyo na uuzibe. Mikia sasa imelala kati ya kitenge na bitana: juu ya kila mmoja shona mraba wa sentimita 2.5, ukatize kwa X. Mzigo unashikwa na mraba wote, si na mstari mmoja wa uzi.

Nyuzi zikijikusanya chini ya kitambaa, wengi hukimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi umepitishwa mguu wa cherehani ukiwa chini, haukuingia kati ya visahani vya kukaza. Inua mguu, pitisha upya. Uzi nao uvute kwa mkono kabla ya kuanza; ukikatika kirahisi, umezeeka.

Mabaki natengenezea vishikio vya sufuria, sentimita 20 kwa 20, ndani matabaka mawili ya taulo kuukuu. Pamba tupu, na usitie sponji. Kama una shaka na kitambaa, choma uzi wake mmoja: wa pamba huwa jivu, wa polista huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Wa polista usiupeleke karibu na sigiri (jiko la mkaa). Viwili vya namna hiyo ndani ya mfuko, pamoja na kilo ya sukari na mche wa sabuni, ni zawadi ya kutosha kwa aliyejifungua.