Shata ya 1/60 kwenye uwanja wa Panorama

Somo la nadharia ya filamu lilikuwa limefika kwa Julio García Espinosa, Mcuba aliyetetea sinema isiyo kamilifu, yaani isiyohangaikia ubora wa kiufundi, katika andiko lake la mwaka 1969. Wanafunzi wa filamu pale Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya St. Augustine, Trinidad, tuliipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Usiku tulipokwenda kurekodi mazoezi ya bendi ya ngoma za chuma, zile zinazofuliwa kutokana na mapipa ya mafuta, ndipo ilipopata mtihani.

Fainali za Panorama, mashindano ya bendi za ngoma za chuma, zilikuwa karibu. Uwanja wa bendi uliangazwa na taa za tyubu za zamani tu. Kamera ilikuwa ya mwenzetu wa Barbados, imewekwa fremu 24 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kwao hilo ni salama, kwa kuwa umeme wa Barbados, kama wa Jamaika na wa kwetu Tanzania, ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Trinidad ni hezi 60. Tyubu za namna ile hung'aa na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo pale ni mara 120 kwa sekunde. Shata ya 1/50 hudaka mipigo miwili na kipande cha wa tatu, na kwa kuwa kamera husoma picha mstari baada ya mstari, baadhi ya mistari hupata mwanga zaidi kuliko mingine. Kwenye kioo kidogo cha kamera hakuna aliyeona kitu. Tulipounganisha monita, ukuta mweupe nyuma ya bendi ulikuwa na mikanda ya kiza inayosogea taratibu.

Dawa yake ni 1/60, inayomeza mipigo miwili kamili. Mwanga hupungua kama sehemu moja ya sita. Tuliufidia kwa kufungua lenzi kidogo, maana kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, huleta chenga kwenye vivuli.

Sauti ilikuwa ngumu zaidi. Ndani ya bendi kuna kundi la midundo ambalo Watrinidad huliita chumba cha injini, na humo hugongwa dramu za breki za magari kwa vyuma. Sauti ikishapasuka ndani ya maikrofoni, kushusha kiwango kwenye rekoda ni kazi bure. Washa kwanza swichi ya kupunguza desibeli 20 kwenye maikrofoni yenyewe. Vilele vya sauti tuliviacha vifike desibeli −12, yaani 12 chini ya kikomo cha rekoda, na nakala ya pili ya sauti hiyo tukairekodi chini zaidi kwa desibeli 12.

Mmoja wetu alidai ile mikanda ingeachwa, eti ndiyo sinema isiyo kamilifu. Mhadhiri alikataa katakata, na hadi leo naona alikuwa sahihi: mikanda ile iliamuliwa na gridi ya umeme, si na mtengenezaji filamu. Akatutoa mbele ya bendi, mahali zinapokaa kamera za televisheni, akatuingiza katikati ya wapigaji, kamera mkononi, lenzi ikiwa sawa na ukingo wa ngoma. Viwiko vilikatiza picha kila mara. Hivyo ndivyo alivyotaka tuviache.