Nilivyopanga Safari ya Ski hadi Kipito cha Grand-Saint-Bernard Wakati wa Baridi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimezoea kuteleza kwa ski kwenye miteremko iliyoandaliwa, mahali ambapo lifti humpandisha mtu juu, mashine husawazisha theluji usiku, na wahudumu hufunga sehemu zenye hatari kabla wageni hawajaamka. Nilipoamua kupanda mlima kwa nguvu zangu mwenyewe, nje kabisa ya maeneo hayo, nilitambua kwamba kazi yote waliyokuwa wakinifanyia watu nisiowaona sasa ilikuwa juu yangu.

Nilichagua Grand-Saint-Bernard, kipito, yaani njia ya kuvukia milima, chenye urefu wa mita 2469 kutoka usawa wa bahari, kwenye mpaka wa Uswisi na Italia. Magari hupita chini yake mwaka mzima kwa handaki lililofunguliwa mwaka 1964, lakini barabara ya juu hufukiwa na theluji na kufungwa kwa miezi mingi. Kileleni mwa barabara hiyo kuna nyumba ya watawa iliyoasisiwa katika karne ya 11 na Mtakatifu Bernard, ambayo hupokea wasafiri hata wakati wa baridi, ingawa majira hayo hafiki mtu ila kwa ski au kwa viatu vya theluji. Kutoka Bourg-Saint-Bernard, karibu na mlango wa handaki upande wa Uswisi, njia ni ya takriban kilomita 6, na mtu hupanda mita 550 hivi. Kwa hesabu hiyo inaonekana kuwa safari nyepesi. Hata hivyo, sehemu yake ya mwisho hupita katika bonde jembamba liitwalo Combe des Morts, yaani Bonde la Wafu, na miteremko ya pande zote mbili humwaga theluji yake humo humo inamopita njia. Mpango wangu wote ulikuja kuwa mpango wa kupita bonde hilo.

Nilianza na ramani, wiki sita kabla ya siku niliyoikusudia. Katika ramani ya Uswisi ya kipimo cha 1:25,000, kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, hupishana milimani kwa mita 20, kwa hiyo mteremko wa nyuzi 30 huziacha kontua mbili zinazofuatana zikiwa na nafasi ya takriban milimita 1.4 kwenye karatasi. Nilikata kipande cha kadi, nikakitia alama mbili za penseli iliyochongwa vizuri, zenye nafasi hiyo hiyo, kisha nikakisogeza taratibu juu ya njia nzima, kulia na kushoto kwake. Kila mahali ambapo kontua zilibanana kuliko alama zangu, nilipaka rangi nyekundu. Zipo ramani za intaneti zinazoonyesha miteremko hiyo kwa rangi, nami nilizitumia baadaye kujisahihisha, lakini ile jioni ya kadi na penseli ndiyo iliyoniwezesha kuiona njia hata nikifumba macho. Sababu ya kuchagua nyuzi 30 ni kwamba maporomoko mengi ya mabamba ya theluji, yaani tabaka zinazokatika kwa pamoja, huanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Jambo ambalo anayeanza hulisahau ni kwamba anayetembea chini, mahali tambarare, hayuko salama kwa sababu tu pale alipo si mwinuko. Theluji ikikatika juu yake, itamfuata alipo.

Muda niliukadiria kwa kanuni ya Werner Munter, mwongozaji wa wapanda milima wa Uswisi: unachukua kilomita za njia, unajumlisha kila mita 100 za kupanda kama kizio kimoja, kisha unagawanya kwa nne. Yaani 6 na 5.5 ni 11.5, sawa na karibu saa mbili na dakika hamsini bila mapumziko. Niliandika pia saa ambayo, tukiwa hatujafika mlangoni mwa bonde, tungegeuka bila mjadala.

Tulikuwa watatu, na kila mmoja alibeba vitu vitatu visivyotenganishwa: kifaa cha redio kinachotuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, ufito wa kukunja wa kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo la alumini. Kuvinunua ni rahisi. Kuvitumia kunahitaji mazoezi, na hapa ndipo ningependa kila anayefikiria safari ya namna hii atumie muda mwingi zaidi. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, uwezekano wa kumkuta hai ni mkubwa. Baada ya nusu saa huwa umepungua sana. Helikopta haiwezi kutegemewa kufika mapema kiasi hicho, hivyo mwokoaji wako ni mwenzako aliye karibu. Tulifukia begi lenye kifaa kimoja ndani yake, tukapeana zamu za kulitafuta. Mara ya kwanza ilinichukua dakika tisa, na nyingi kati yake ziliishia kwenye kuchimba, kwa kuwa nilichimba wima juu ya ufito badala ya kuanzia upande wa chini wa mteremko na kuingia kwa ubavu. Jioni ya tatu tulifikia dakika nne.

Mazoezi hayo yalifichua kasoro nyingine. Ili ski zisirudi nyuma wakati wa kupanda, hubandikwa chini yake utepe wenye nyuzi laini zilizolala upande mmoja, ambao watu bado huuita ngozi kwa sababu zamani ulikuwa wa ngozi ya sili kwelikweli. Duka lililotukodisha vifaa lilikuwa limempa mwenzangu ngozi nyembamba kuliko ski zake, na kwenye theluji ngumu alikuwa akiteleza kila alipovuka mteremko kwa ubavu. Tulizibadilisha siku iliyofuata. Kama tungeligundua jambo hilo ndani ya Combe des Morts, sijui tungefanya nini.

Tarehe ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Januari, na tulikuwa tumekwisha kuomba vitanda kwa watawa. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari kila siku saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, kwa kipimo cha ngazi tano. Nilikuwa nikiisoma kila jioni kwa wiki mbili, kwa kuwa theluji ina historia yake, na taarifa ya siku moja haitoshi kuieleza. Siku moja kabla ya kuondoka, ngazi ilikuwa 3, na taarifa ilitaja theluji mpya iliyorundikwa na upepo juu ya tabaka dhaifu la zamani. Namba 3 iko katikati ya kipimo, kwa hiyo humtuliza mtu. Ukweli ni kwamba nchini Uswisi karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea katika ngazi hiyo, kwa sababu hatari ni kubwa lakini watu bado wanatoka.

Mwenzangu mmoja alisema, “Ndugu yangu, likizo yangu ndiyo hii, na sijui nitapata nyingine lini.” Nilimwelewa, na iliniuma kumnyima. Lakini tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba “hapana” ya mmoja inatosha, wala haidaiwi sababu. Niliitamka mimi, kisha nikawapigia simu watawa na kufuta nafasi zetu. Alinuna siku mbili.

Tuliondoka katikati ya Machi, hatari ikiwa ngazi ya 2. Saa moja asubuhi, kabla ya kuanza kupanda, nilitangulia hatua kadhaa, nikawapitisha wenzangu mbele yangu mmoja mmoja huku nikisikiliza kama kila kifaa kinatuma. Kuanzia hapo nilitafuta dalili nilizokuwa nimeziorodhesha: nyufa zinazokimbia mbele ya ski, alama za maporomoko mapya, na ule mlio mzito wa chini kwa chini, kama gunia linaloangushwa chumba cha pili, ambao humaanisha kwamba tabaka dhaifu limebomoka. Hatukuona wala kusikia hata moja. Mlangoni mwa Combe des Morts tulisimama, tukafunga zipu, tukatoa mikono kwenye kamba za fimbo, kisha tukavuka mmoja mmoja kutoka sehemu moja salama hadi nyingine, wawili wakimtazama anayetembea bila kupepesa macho. Sikumbuki uzuri wa bonde hilo. Nakumbuka sauti ya ngozi zangu zikikwaruza theluji ngumu, na mgongo wa mwenzangu ukipungua mbele yangu. Tulifika mlangoni pa watawa baada ya saa tatu na dakika kumi, wakatupokea kwa chai ya moto.

Siku ya pili tulikuwa tumepanga kupanda Mont Fourchon, mlima wa jirani wenye urefu wa takriban mita 2900. Usiku upepo ulivuma hadi madirisha yakatikisika, na kulipopambazuka niliona vumbi la theluji likipeperushwa kutoka kwenye kingo zote na kutua upande wa pili, hasa kwenye miteremko niliyoipaka rangi nyekundu. Hakuna aliyebisha safari hii. Yule aliyenuna Januari ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema tusiende. Tuliwauliza watawa hali ya bonde, tukasubiri upepo upungue, tukashuka kwa mpangilio ule ule wa mmoja mmoja, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa Bourg-Saint-Bernard tukifungua viatu. Pale pale kwenye kituo cha basi niliandika nyakati halisi kando ya zile nilizokadiria, na pembeni ya Mont Fourchon nikaacha nafasi wazi.