Usimtoe Garbo kwenye wimbo

Greta Garbo aliacha kuigiza sinema mwaka 1941. Ukilitaja jina lake Mwanza hii leo, kuna watakaodhani ni dawa ya mbu. Mimi namtaja kila Ijumaa usiku, kwa sauti, kwenye kipaza sauti, na sina mpango wa kuacha.

Napiga kinanda kwenye mgahawa wa hoteli moja upande wa Capri Point, mimi na kijana wa besi, kuanzia saa moja jioni mpaka jiko lifungwe. Wateja wetu ni mchanganyiko: watalii waliotoka Serengeti na vumbi bado liko viatuni, watu wa migodi ya Geita, wafanyabiashara wa minofu ya sangara, familia za mjini zenye kipaimara au mahafali. Nusu ya kwanza tunapiga kopi za dansi na rumba. Nusu ya pili meneja anataka "zile za wazungu za zamani". Hapo ndipo natoa kitabu cha nota alichoniachia padri aliyenifundisha kinanda, kimejaa nyimbo za maigizo ya muziki ya New York na London.

Wimbo unaoombwa kuliko yote ni "You're the Top" wa Cole Porter, kutoka igizo la Anything Goes lililofunguliwa New York Novemba 1934. Mwanamume na mwanamke wanasifiana kwa zamu, na kila sifa ni jina la kitu kilichoonekana bora kuliko vyote mwaka ule. Colosseum ya Roma. Jumba la makumbusho la Louvre. Soneti ya Shakespeare. Mickey Mouse, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita tu kwenye sinema. Mshahara wa Garbo, miguu ya Fred Astaire, pua ya mchekeshaji Jimmy Durante, dawa ya meno ya Pepsodent, saladi ya Waldorf, dola ya enzi za Rais Coolidge, yaani dola iliyokuwa na nguvu kabla soko la hisa halijaporomoka mwaka 1929. Beti ni nyingi, na huwa siziimbi zote maana wageni wana chakula mezani.

Mpiga besi wangu ana hoja yake. "Mzee, haya majina si tuyabadilishe? Nani anamjua huyo Garbo? Weka Diamond hapo, watu waamke."

Hoja hiyo tumeshaiona ikifanyiwa kazi. Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwimbaji tuliyekuwa naye wakati ule akamtoa Fred Astaire, akamweka Samatta. Februari mosi Samatta akaifunga Bournemouth. Ijumaa iliyofuata meza zilipigwa ngumi, na mzee mmoja wa Pasiansi aliagiza raundi ya meza nzima kwa ajili ya mstari mmoja. Kisha ikaja korona, wageni wakakatika. Septemba mwaka huohuo Samatta akahamia Fenerbahçe ya Uturuki. Tuliporudi kupiga, mstari ule ulikuwa kama gazeti la juzi lililofungiwa vitumbua. Samatta hana kosa, ni shujaa wangu mpaka kesho. Lakini Astaire alikaa kwenye nafasi ile miaka 86 bila kumsumbua mtu, na aliyempokea hakumaliza mwaka.

Na wakubwa wenyewe walishaonja. Igizo lilipopelekwa London mwaka 1935, mwandishi P. G. Wodehouse alirekebisha mashairi ili Waingereza wayaelewe, maana mambo ya New York hawakuyajua. Katika beti za London akaingizwa Mussolini, dikteta wa Italia. Aliingizwa kama sifa! Unamwambia mtu unayempenda kwamba yeye ndiye Mussolini. Igizo lilifunguliwa Juni. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Mussolini yakaivamia Ethiopia. Colosseum inaimbika mpaka leo, na sioni hoteli yoyote Afrika ambako ubeti ule wa London utaimbika.

Ndiyo maana namwambia kijana: jina la zamani limeshachakaa kadiri linavyoweza kuchakaa, limeshatulia. Jina jipya ndilo lenye hatari. Hujui kesho litaamka na nini.

Tena hata Porter mwenyewe hakuwa anawahi kila kitu. Katika beti za mwisho anasifia mashua zinazoteleza taratibu kwenye Zuider Zee, ile ghuba ya bahari ya Uholanzi. Mwaka 1932, miaka miwili kabla ya igizo kufunguliwa, Waholanzi walikuwa wamekamilisha tuta refu, wakaifunga ghuba ile, ikaanza kugeuka ziwa la maji baridi, na jina wakaibadilishia: IJsselmeer. Kwa hiyo usiku wa kwanza kabisa wimbo ulikuwa tayari unasifia bahari ambayo haipo. Hakuna aliyerudishiwa hela ya tiketi. Mtu mzima aliyekaa kando ya ziwa anaelewa mashua iliyotulia jioni ni sifa, iwe Uholanzi, iwe Kirumba mwaloni.

Sasa nije kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote, na ambalo kitabu cha padri hakikunifundisha. Majina kwenye wimbo hayazeeki sawasawa. Yanategemea unaimbia wapi.

Katika ubeti mmoja mpenzi anaambiwa yeye ni Mto Nile, halafu Mnara wa Pisa, halafu tabasamu la Mona Lisa. Kwa mtu wa New York hizo ni picha za kadi za posta. Mimi nikiimba Nile, maji yake yako nyuma ya mgongo wangu, ng'ambo ya ukuta wa bustani. John Hanning Speke alifika kwenye ufukwe huu wa Mwanza Agosti 1858, akalitazama ziwa, akashikilia kwamba chanzo cha Nile ni hapa. Wenzake wakambishia miaka. Mto wenyewe unatokea Jinja, upande wa Uganda.

Mbele kidogo kwenye wimbo huohuo yupo Mahatma Gandhi. Mwaka 1934 Gandhi alikuwa hai, habari za magazetini kabisa, na Porter akampanga kwa vina na brandi ya Napoleon. Mtu ambaye maisha yake yote alipiga vita pombe! Utani wenyewe ndio huo. Aliuawa Januari 1948, na sehemu ya majivu yake ikaletwa Jinja, ikamwagwa kwenye Nile, pale mto unapoliacha ziwa. Sanamu yake ipo palepale.

Kwa hiyo Nile na Gandhi, ambao Porter aliwatupia kwenye karatasi moja kwa sababu ya vina tu, walikuja kukutana kwenye ziwa letu miaka 14 baadaye. Usiku mmoja nilikuwa na meza ya Wahindi wa mjini waliokuwa na mgeni wao, mzee aliyekulia Jinja. Nilipofika kwenye Gandhi na brandi alicheka mpaka akavua miwani. Mjukuu wake akamuuliza kuna nini. Mzee akamweleza kwa Kigujarati, mjukuu naye akacheka, halafu akaja kwenye kinanda: "Shikamoo mwalimu. Babu anaomba urudie hapo kwa Gandhi." Nikarudia. Pale Garbo alipita kimya, hakuna aliyegeuka, na hakumkera mtu.

Kuna mengine yaliyobaki hai kwa njia za ajabu. Ovaltine, kwa mfano. Imo kwenye "You're the Top", na imo tena kwenye igizo la Guys and Dolls la mwaka 1950, ambako wanawake wawili wanapanga jinsi ya kuwatuliza wacheza kamari wao wakishaolewa nao: wawape vitu vya watu wenye heshima, gofu, jarida la Reader's Digest, na Ovaltine. Watalii wengine vijana hapo hawaoni cha kucheka. Lakini mama yeyote wa Mwanza aliyelelewa na kopo la Ovaltine au Milo juu ya kabati, la kuchotewa mgonjwa na mgeni tu, anajua mara moja mwanamume aliyefikishwa kwenye Ovaltine amefikishwa wapi.

Selofani nayo imepanda na kushuka. Porter anaitaja kama sifa, na mwaka 1934 ilikuwa hivyo: karatasi inayong'aa, unaona sigara au chokoleti ndani yake bila kuifungua, ajabu ya viwanda. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia Juni mosi 2019. Selofani si plastiki hasa, imetokana na mimea, lakini nenda kamweleze mgambo wa soko kuu tofauti hiyo. Nikiimba mstari ule, watu wa mezani wanatazamana. Nauacha uwe hivyohivyo. Kicheko cha leo si kile cha Porter, lakini ni kicheko.

Sisemi nyimbo zisiguswe kabisa. Kuna kuondoa ninakokubali kwa mikono miwili. The Mikado, igizo la muziki la Gilbert na Sullivan la mwaka 1885, lina wimbo wa mtu mwenye orodha ya watu anaoona hata wakikatwa vichwa hawatakosekana. Ulikuwa na neno la kuwatukana watu weusi, na lilikaa humo mpaka 1948 lilipotolewa. Lilichelewa sana. Na tangu zamani waimbaji wa wimbo ule huingiza wanasiasa wa siku hiyo, na ni sawa, maana wimbo wenyewe umejengwa ubadilishwe. Orodha ya maadui ni ya kila siku. Orodha ya sifa siyo.

Na kuna kuondoa kunakofanyika kabla hata pazia halijafunguliwa. Anything Goes inatokea melini, na maandishi yake ya awali yalikuwa na ajali ya meli. Septemba 1934 meli Morro Castle iliungua karibu na pwani ya New Jersey, wakafa watu zaidi ya 130. Kisa kikaandikwa upya na watu wengine. Wapo wanaobisha kama moto ule ndio ulikuwa sababu pekee. Mimi naishi mji wenye makaburi ya Igoma, najua MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na kwenye mgahawa wetu hakuna usiku ambao huwezi kukuta mtu aliyepoteza ndugu siku ile. Sababu nyingine sizihitaji.

Mimi mwenyewe naruka mistari. Kuna pahali Porter anampanga mhakiki wa tamthilia Nathan na Askofu Manning wa New York, kisha anamalizia na brokoli. Majina yale mawili yalichekesha kwa sababu watu waliokaa viti vya mbele walikuwa wanawajua, labda walikuwa wamekaa nao. Hapo hakuna cha kushika zaidi ya jina. Usukumani tunaijua kazi hiyo: kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, manju anamtaja mpinzani wake kwa jina, aliye hai, aliyesimama mita chache mbele yake, na umati unalipuka. Nenda Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi wa sita, utayasikia. Ukikusanya maneno yale baada ya miaka hamsini utabaki na majina. Askofu Manning ni wa namna hiyo, namwacha apumzike. Garbo ana mshahara. Ukisikia tu kwamba mtu anasifiwa kwa mshahara wa mwenzake, umeshaelewa mshahara ule ulikuwa wa kutisha.

Mtunzi Stephen Sondheim alikuwa mjanja kuliko wote katika hili. Katika igizo la Follies la mwaka 1971 alimwandikia mwigizaji mzee wimbo "I'm Still Here", ambao anataja yote aliyoyapitia: watoto watano wa Dionne waliozaliwa mara moja Kanada mwaka 1934, chombo cha William Beebe cha kuzama baharini, vipindi vya redio. Majina yalikuwa ya zamani siku wimbo unaandikwa. Ndio mradi wenyewe: yale yote yamepita, mimi bado nipo. Sipati nafasi ya kuuimba sana, ni mrefu na unataka sauti ya mama mtu mzima. Nikimpata hapa Mwanza nitamlipa nauli ya bodaboda na chakula.

Kijana wa besi hajakubali. Hoja yake ya mwisho ameichukua kwangu mwenyewe. Nina wimbo wangu wa Kiswahili wa harusi, bwana harusi amekwama Kigongo anasubiri kivuko, bibi harusi yuko ng'ambo Busisi na keki inayeyuka. Umepigwa Sengerema yote. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu, unavuka kwa gari hata chai haijapoa. "Sasa mzee, huyo bwana harusi anasubiri nini? Si avuke?"

Nimemwambia bwana harusi wangu anasubiri kivuko na ataendelea kusubiri kivuko. Kila mtu wa Sengerema mwenye miaka zaidi ya kumi ameshasimama kwenye foleni ile juani. Yeye anasema kwenye harusi ya Jumamosi ijayo ataongeza ubeti wa daraja, auimbe yeye. Nimemruhusu, mradi aweke vina, na aje baada ya keki.