Siku moja zizini Njoro: maneno ya ng'ombe niliyodhani nayajua

Saa kumi na nusu alfajiri. Baridi ya Njoro, huku Nakuru, haina adabu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na mwaka wa pili huu bado naamka nikivaa soksi jozi mbili. Shangazi yangu aliolewa huku zamani, na nikiamka huwa tayari yuko zizini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umelala sana leo."

Tuna ng'ombe sita, wengi damu ya Frishiani, aina ya ng'ombe wa maziwa. Wanne tunawakamua, mmoja ni mkavu, mmoja ni mtamba, yaani jike ambalo halijazaa bado. Nilipokuja nilidhani Kiswahili changu kitanivusha, maana sisi wa Pwani tunajiona wenye lugha. Wiki ya kwanza shangazi akaniambia, "Sukari usimkamue, huyo ni mkavu." Nikamwonea huruma, nikampelekea ndoo mbili za maji. Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo. Kumbe mkavu ni ng'ombe mwenye mimba aliyeachishwa kukamuliwa siku kama 60 kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike na kijijenge upya. Ukiendelea kumkamua mpaka siku ya kuzaa, maziwa ya uzao unaofuata yatapungua.

Saa kumi na moja. Kukamua. Maji ya vuguvugu, kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja, na matone ya kwanza ya kila chuchu yanaingia kwenye kikombe cheusi. Ule weusi una kazi: kukiwa na vibonge vidogo kama vya maziwa mgando, utaviona hapo hapo, na utajua robo ile ya kiwele ina ugonjwa. Kiwele kina robo nne, kila moja inajitegemea, kwa hiyo moja inaweza kuugua na nyingine tatu ziko sawa. Ng'ombe wetu Zawadi aliwahi kutoa vibonge, tukamtibu, na maziwa yake tukayamwaga siku zote zilizoandikwa kwenye dawa. Kuona maziwa yakienda mtaroni asubuhi tatu mfululizo kunauma, lakini dawa ikiwa bado imo ndani humpi mtu anywe.

Leo kikombe ni safi. Shida ni Mapema, *anaficha maziwa*. Zamani nilidhani ni uchoyo. Ukimpangusa kiwele polepole, mwili wake unatoa homoni ya kushusha maziwa, na homoni hiyo haikai, una dakika tano hadi saba tu. Akishtuka, kwa mbwa, kwa mgeni, kwa simu kulia mfukoni, maziwa yanabaki juu na wewe unabaki unavuta ngozi. Simu yangu siku hizi inalala ndani.

Saa kumi na mbili na nusu. Mchukuzi wa maziwa anafika na pikipiki. Anatumbukiza laktometa, kipimo cha uzito wa maziwa (ikizama kuliko kawaida, kuna mtu ameongeza maji), anachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yataganda, anaandika lita, anaondoka. Hana muda wa stori.

Saa mbili. Hapa ndipo siku ilipobadilika. Nilikuwa nazoa samadi nikaona Mapema amempanda Neema, yule mtamba wetu. Neema hakusogea. Amesimama kimya, mkia umeinuka kidogo, na nyuma kunaning'inia ute mwangavu, mrefu, kama ute wa yai bichi.

"Shangazi! Neema yuko joto!"

Kwetu Mombasa joto ni hali ya hewa. Huku ni saa chache za kumhitaji dume, na zinarudi kila baada ya siku 21 hivi mpaka ashike mimba. Lililo gumu ni kujua nani hasa yuko joto, kwani macho ya mgeni humwangalia anayepanda. Mwaka jana nilimwona Zawadi akimpanda Mapema, nikamwita daktari kesho yake nikamwambia Zawadi yuko tayari. Daktari akavaa glavu, akaingiza mkono, akautoa, akanitazama kwa muda. Zawadi alikuwa na mimba ya miezi minne. Aliyekuwa joto ni Mapema, aliyesimama akakubali kupandwa, na kufikia hapo joto lake lilikuwa limeshapita. Siku 21 zikaenda bure, na nauli ya daktari juu yake.

Kwa hiyo leo niliangalia mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Anayesimama ndiye. Akionekana asubuhi, anapandishwa jioni. Akionekana jioni, asubuhi inayofuata. Daktari akasema atafika saa kumi na moja.

Saa nne. Nepia, majani marefu ya kulisha ng'ombe. Tunaikata ikiwa imefika kama mita moja. Changa sana ni maji matupu na inawaharisha, iliyokomaa sana ni kuni. Inanyauka kidogo juani, halafu mashine ya kukatia. Sina la kusema zaidi, mikono inawasha.

Saa sita. Ndama wa Tumaini ana siku mbili. *Dang'a*, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, nalijua neno hilo tangu utotoni, ila sikujua kwamba lina saa. Ndama huzaliwa bila kinga, na kinga ya mama inapita tumboni mwake kwa saa za kwanza tu. Siku moja ikipita mlango umefungwa. Huyu alizaliwa saa nane usiku, na saa tisa nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi nikimnyonyesha kwa chupa huku ananikanyaga kidole. Leo amejaribu kuruka, akaanguka, akainuka akiwa amekasirika.

Saa kumi. Kukamua tena. Mapema ameshusha bila vita.

Saa kumi na moja na robo. Daktari amefika na mtungi wake wa naitrojeni, unaohifadhi mbegu za madume zilizogandishwa, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Akiufungua moshi mweupe unamwagika pembeni kama wa uchawi. Kwanza akamzungushia Neema utepe kifuani kukisia uzito, kwa sababu mtamba hupandishwa kwa uzito kuliko umri, na Frishiani tunamtaka kama kilo 300. Amefika.

"Mama, tumpe dume gani?"

Nilitarajia shangazi aulize la maziwa mengi. Akauliza la ndama wadogo. Neema hajawahi kuzaa, nyonga bado ni nyembamba, na ndama mkubwa anaweza kumuua. Daktari akachagua mbegu ya kituo cha Kabete, akauchovya mrija wenye mbegu hiyo kwenye maji ya vuguvugu nusu dakika hivi, akaupangusa ukakauka. Mkono wa kushoto ndani, wa kulia na bomba, na kabla sijaweka sawa kamba ya kichwani alikuwa anavua glavu.

"Asiporudia, ameshika," akasema.

Nalo neno jingine hilo. Kurudia ni kuonyesha joto tena. Kwenye zizi hili, kimya ndiyo habari njema.

Saa mbili usiku. Nimeandika daftarini: Neema, tarehe 4, jioni, na jina la dume. Kisha nikatia alama tarehe 25 kwenye kalenda ya ukutani. Shangazi amepita na kikombe chake cha chai, akaitazama, akachukua kalamu akaanza kutia alama nyingine, kuanzia tarehe 22.