Kuikalisha boti kwenye lifti yake: siku yangu moja kazini

Saa 11:00 alfajiri. Kabla sijanawa uso naangalia jedwali la maji. Leo yanapwa kabisa saa 3 asubuhi na kujaa saa 9 alasiri. Kazi itakwenda kwa hayo.

Ninafunga lifti za boti: boriti mbili za chuma zinazopandishwa na mota kwa nyaya, na juu yake mbao mbili ambazo boti hulalia. Nikisema hivyo, wengi huona mtu anayebonyeza kitufe boti ikapanda. Kupandisha ni kazi ya mota. Yangu ni kujua uzito utalalia wapi boti ikishatoka majini. Ikielea, maji yanaibeba tumbo zima. Ukiinyanyua, uzito uleule unabebwa na mbao mbili tu. Mbao zikikosea mahali, bodi ya faiba hubonyea kidogo kidogo bila kelele, na mwenyewe hugundua pale boti inapoanza kukimbia vibaya, au ufa unapojitokeza.

Saa 1:30 asubuhi. Tuko gatini, mimi na mwenzangu. Boti ni ya mita 7, mashine moja nyuma, na bado imekaa juu ya lifti. Lifti hii ilifungwa kwa ajili ya boti ya zamani ya mzee, mwenye boti hii, iliyokuwa na tumbo karibu bapa. Mpya ina tumbo la kuchongoka, nyuzi 20 kwa upande. Nachukua kipande chembamba cha plastiki nakichomeka kati ya ubao na bodi. Mbele kinaingia chote. Karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, hakiingii hata ncha. Halafu mbao zenyewe zinaishia nusu mita kabla ya ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine. Maana yake sehemu nzito kuliko zote inaning'inia.

"Fundi, mbona jana imepanda vizuri tu?" mzee ananiuliza.

"Imepanda, mzee. Shida ni ilivyolala."

Hakuridhika. Tunaishusha wakati kina bado kinaruhusu, tunaifunga pembeni ya gati.

Saa 2:00 hadi saa 3:00 napima. Nafungua kifuniko cha ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, naingiza mkono na futi mpaka kwenye mihimili miwili iliyojengwa ndani kwa urefu wa boti. Hapo ndipo panapobeba. Kutoka katikati ya mkuku, uti wa chini wa boti, ni sentimita 55 kila upande. Mbao za zamani zilikuwa sentimita 42, yaani zinagusa bodi tupu, na ubao mmoja umekanyaga mkunjo wa bodi. Kuzisogeza nje sentimita 13 kwa mteremko wa nyuzi 20 kunadai mabano yanayoshika mbao yapande karibu sentimita 5, la sivyo mkuku utakalia boriti ya chuma.

Kisha uzito, na hapa mzee alinishika kweli. Alikuja na karatasi ya kiwandani imeandikwa kilo 1,500, na lifti yake ni ya kilo 2,700. "Unanitafutia nini hapa, kijana? Nafasi ipo tele." Nikakaa naye gatini tukahesabu, kwa sababu karatasi ile ni ya boti kavu bila mashine. Mashine kilo 260. Tangi la lita 400 za petroli, karibu kilo 300. Maji ya kunawa lita 60, ni kilo 60. Betri mbili, kilo 50. Nanga, mnyororo na vifaa, niliweka 100. Jumla karibu kilo 2,270. Bado iko ndani, na mzee akasimama kana kwamba ameshinda. Lakini lifti ina boriti mbili, kila moja inabeba nusu tu, kilo 1,350. Boti yenye mashine nyuma haigawi uzito sawa. Kwa ilivyokuwa imekaa, nilikadiria asilimia 60 iko boriti ya nyuma, yaani kilo 1,360 na ushee. Boriti ya nyuma imezidiwa huku karatasi ikisema salama. Nikamweleza mara tatu, kwa namna tatu, nikichora juu ya ubao kwa penseli. Ikapita nusu saa ya maji yaliyopwa ambayo sitaipata tena. Sijutii. Akifahamu hilo, hataniita siku waya umekatika.

Dawa yenyewe ni nyepesi: boriti zimeachana mita 3, kwa hiyo ukisogeza boti mbele sentimita 25, asilimia 8 hivi ya uzito inahamia mbele.

Bolti za kushikia mbao kwenye mabano ndizo zilizotuchosha. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikikazwa kavu, nati na bolti hung'ang'aniana kama zimechomelewa, na aliyezifunga hakupaka grisi hata moja. Tukazikata kwa msumeno, bolti nane, tumesimama majini hadi kiunoni, chaza wa kwenye nguzo wakitukwaruza magoti. Zile mpya nimezipaka grisi, na vichwa vimezama ndani ya ubao chini ya zulia ili visikwangue bodi. Tulipomaliza upande wa pili maji yalikuwa kifuani, mabega hayataki kupanda.

Nyaya nazipitishia kitambaa, kamwe si mkono mtupu. Kitambaa kikinasa, kuna uzi umekatika. Hakikunasa.

Saa nane na kitu tunaileta boti, naipandisha polepole. Mzee akaruka ndani kuchukua begi lake. Nikazima mota. Nilimwambia ashuke, kwa sauti ambayo kwa kawaida simpazii mtu wa umri wake. Hakuna anayekaa ndani ya boti inayonyanyuliwa. Alishuka, hatukuongea kwa muda.

Kizuizi cha omo, yaani mbele ya boti, nikakifunga mahali papya, nguzo za kuongozea nikazisogeza. Tezi nimeiacha chini sentimita 2 ili mvua itoke yenyewe. Maji lita 300 yakituama ndani, ni kilo 300 ambazo hakuna aliyezihesabu. Nikachomoa kizibo cha ngama, maji yakatiririka.

Plastiki tena. Mbele haiingii. Katikati haiingii. Nyuma haiingii. Nikampa mzee ajaribu mwenyewe, akaenda nayo ubavu mzima, akarudi upande wa pili bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Kizibo nakirudisha lini?"

"Kabla hujabonyeza kitufe cha kushusha, mzee."

Nikachukua kalamu ya rangi nikaandika kwenye nguzo, mahali maji yasipofika, kwa fundi atakayekuja baada yangu: 55 kutoka mkukuni, nyuzi 20, tezi chini 2.