Kibanio kinachoshika taji kwa ndani

Sinza, Jumamosi usiku

Leo nimekata shauri: kibanio ninachokitengeneza kitashika taji kwa ndani, si kwa nje. Wazo hili nimelibeba tangu masika, nikilichora nyuma ya karatasi za oda na kulifuta tena. Sasa naliandika hapa ili mafundi wenzangu wa maabara za meno walisome, na mwenye hoja ya kunipinga anipinge.

Kwa asiyeijua kazi yetu, taji la jino ndilo lile gamba gumu analovishwa mgonjwa juu ya jino lililochongwa likabaki kisiki. Daktari huchukua alama ya kisiki hicho, sisi tunalitengeneza taji. Kabla halijatoka maabara linachongwa na kung'arishwa kwa mashine ya mkono inayozunguka mara 30,000 na zaidi kwa dakika: kwanza jiwe, kisha almasi, mwisho gurudumu la mpira. Muda wote huo kitu chenye upana wa sentimita moja hivi tumekishika kwa ncha za vidole.

Na hapa Dar joto nalo lina lake. Mwezi wa Februari umeme ukirudi baada ya kukatika, unakaa kwenye benchi huku vidole vimelowa jasho na taji linateleza. Likiwa la kobalti na kromu linapata moto upesi, unaliweka chini lipoe, unaliokota, unaendelea. Likiponyoka linakwenda chini ya kabati, na kauri ikigonga vigae kona moja inabanduka. Vidole kuungua nimezoea. Linaloniuma ni yule mgonjwa aliyetoka Mbagala na kuomba ruhusa kazini, ambaye amekaa siku zote hizo na taji la muda, halafu anaambiwa arudi wiki ijayo.

Wengi wetu hushikia koleo za hospitali, zile za kubania mishipa. Zinashika, sikatai. Lakini zinashika palepale tunapotaka kuchonga, na meno ya koleo yakitua kwenye ukingo wa taji yanaharibu sehemu ambayo haina nafasi ya kuharibiwa. Ukingo wa metali unaweza kuwa na unene wa milimita 0.3 tu. Ukipinda kidogo, taji halikai sawasawa kwenye kisiki, saruji inayoligandisha inabaki wazi kwa mate, na jino linaanza kuoza chini kwa chini bila mtu kuona. Kwa hiyo nje hapashikiki.

Ndani nako kuna ugumu wake. Kisiki huchongwa kikiwa chembamba juu na kipana chini, taji lipate kupita. Vitabu vinataja mteremko wa nyuzi 6 kwa pande mbili pamoja, ila kazi zinazofika mezani kwetu mara nyingi zimezidi hapo. Maana yake ndani ya taji panatanuka kuelekea mdomo wa taji lenyewe, na chochote kinachosukuma kuta kutoka ndani nacho kinasukumwa kitoke. Ncha za chuma tupu zinateleza mara moja. Zikivikwa mpira, msuguano unaushinda ule mteremko, hata ukiwa wa nyuzi 10 kila upande. Nilianza na mpira wa vali ya baiskeli kwa kuwa ndio unaopatikana kila kona. Unashika vizuri sana, ila ukipata moto wa metali unalegea na kuacha utando ndani ya taji. Mrija wa silikoni nilioununua Kariakoo unastahimili joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na hauachi kitu.

Jambo lililonikosesha usingizi hasa ni jingine. Kauri na zirkonia, ambayo nayo ni aina ya kauri ngumu, zinastahimili sana kukandamizwa, ndiyo maana zinatafuna miaka na miaka, lakini kutanuliwa zinaogopa. Na kushika kwa ndani ndiko kutanua kwenyewe. Taji likipasuka mkononi mwangu ni hasara ya maabara. Likipata ufa usioonekana, likaenda kukatika kinywani mwa mtu baada ya miezi, hilo siwezi kulikubali. Ndiyo maana nimeamua kwamba mkono wa fundi usiwe ndio unaopanga nguvu. Unakibana kibanio ncha zikaribiane, unaziingiza ndani ya taji, unaachia. Kinachoshika ni springi ya chuma chenyewe. Uwe umechoka au una haraka, nguvu ni ileile.

Springi hiyo iwe na nguvu kiasi gani? Hapa ndipo nilipompata mwalimu ambaye sikumtarajia, mzee mmoja fundi chuma wa Gerezani. Nilimpelekea bapa la chuma cha pua na mchoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti." Akalipinda bapa kwa kidole gumba, akaliachia. "Sasa hiki kitashika nini? Hakina nguvu."

"Ndivyo ninavyotaka, mzee. Kikiwa na nguvu kitapasua."

Akanyamaza, akaweka bapa kwenye jiliwa, akachukua tupa. Nilipomwonyesha nchani, mahali nilipotaka apunguze, alitikisa kichwa.

"Huko usiguse. Punguza hapa shingoni, ndipo kinapopinda."

Hesabu inamuunga mkono mzee. Bapa lililoshikwa upande mmoja huelemewa zaidi pale linapoanzia, na unene ndio unaotawala: ukipunguza upana nusu, nguvu inabaki nusu; ukipunguza unene nusu, inabaki moja ya nane. Yeye hakuhitaji kalamu. Alikataa pia kulipasha moto ili alipinde kwa urahisi, akasema chuma kikishaungua hakirudi tena. Akalipinda likiwa baridi, taratibu, akilipima kwa jicho kila mara.

Mpini nao una shauri lake. Fundi anapochonga, kidole cha mkono mmoja huegemea mkono mwingine, ndipo mashine isirukeruke. Ukimpa mpini mrefu umeitenga mikono yake na kazi inaanza kutetema. Wangu ni mfupi, una kibonde mahali gumba la mkono wa mashine linapotua. Nimeuchonga kwa kipande cha mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ule uzito unatuliza mkono. Ndani ya kinywa cha mtu hakiingii, kwa hiyo kufuta kwa spiriti kunatosha.

Sitaki kifaa kimoja cha kila taji. Magego yanataka ncha pana, zilizojipinda kidogo ili taji lisizunguke. Meno ya mbele yanataka ncha nyembamba. Viwe vibanio viwili, basi. Na zirkonia ambayo haijaingia tanuri, kibanio hakiigusi kabisa. Hiyo hukatwa ikiwa kubwa kwa asilimia 20 hadi 25 kwa kuwa itasinyaa kwenye joto la karibu nyuzi 1,500, na wakati huo ni laini kama chaki. Vidole ndivyo vyake. Ikishatoka tanuri, kibanio ni ruksa, kwa mkono mwepesi na maji.

Vumbi hakiondoi. Vumbi la kobalti linaharibu mapafu, na mwenye kibanio bado anahitaji barakoa na kifyonza vumbi.

Kazi ya Jumatatu ni kujua nguvu inayopasua. Nimeazima mizani ya kuning'iniza, kama zile za kupimia samaki Feri. Nitafunga mguu mmoja wa kibanio kwenye jiliwa, nitavuta mwingine kwa mizani, na taji likiwa nchani nitaandika kilo zilizosomeka lilipopasuka. Springi nitaiweka chini kabisa ya hapo. Taji moja halitoshi kuniambia kitu, yanahitajika mengi, ya unene tofauti. Kwa hiyo mwenye mataji yaliyokataliwa, hasa ya kauri juu ya metali, asiyatupe. Awe Ilala, Temeke au Tegeta, aniambie tu, nitayafuata mwenyewe.