Siku Mla Watu Alipopigiwa Makofi Mbagala

Binti wa dada, yule wa Mwanza, kanitumia voisi jana saa sita na nusu usiku, ananong'ona ili mama yake asisikie. "Anko nimeimaliza ile muvi ya mla watu. Sa niambie, yule babu wa kwenye kioo ni mzuri au mbaya? Maana mi nimejikuta namuombea atoroke." Basi. Hata shikamoo hakuna. Nikairudia mara mbili nikawa nacheka peke yangu mpaka mama watoto akaniuliza nacheka na nani saa hizi.

Swali lenyewe ndo lile lile tuligombania pale banda la video Mbagala, Agosti 2002, watu wazima na watoto mchanganyiko, na hakuna aliyeshinda.

Muvi ni The Silence of the Lambs, ya 1991, yaani wakati inatufikia sisi ilishazeeka miaka kumi na kitu lakini kwa banda la Ticha hiyo ilikuwa mpya. Ubaoni aliandika kwa chaki SAILENSI OF LAMB, halafu chini kwa herufi kubwa zaidi MLA WATU. Hiyo ya chini ndo ilijaza banda. Mimi nilitegemea kuona kabila fulani la msituni na sufuria kubwa. Nyumbani walijua niko tuisheni, mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwezi unaofuata, na huko tuisheni walijua naumwa.

Ticha, mwenye banda, mnamjua. TV juu ya kabati lenye kufuli, deki chini yake, feni moja inayompuliza yeye tu, na yeye kakaa pembeni ya skrini na maiki yake anatafsiri laivu, enzi zile kila mtu mwenye maiki alijiona Lufufu, yule mtafsiri muvi maarufu. Wahusika wote aliwapa majina upya. Clarice Starling, mwanafunzi wa FBI, wale wapelelezi wa Marekani, akawa Dada Klara, Hannibal Lecter, daktari mla watu aliyefungwa ambaye Klara anatumwa kumhoji, akawa Dokta, binti wa seneta anayetekwa akawa mtoto wa mbunge, na yule muuaji anayechuna wanawake ngozi ili ajishonee nguo akawa Fundi Cherehani, jina ambalo lilimkera sana fundi mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa amekaa benchi la mbele.

Sasa banda lilikuwa na sheria zake. Steringi hafi. Adui anakufa mwishoni, na bosi wa maadui anakufa wa mwisho kabisa, tena kwa mateso. Steringi lazima ajulikane mapema ili watu wajue wanamshangilia nani. Hii muvi inaanza na binti mmoja mwembamba anakimbia porini peke yake katoka jasho, alafu anaingia kwenye lifti imejaa wanaume wamevaa mashati mekundu wote wanamzidi kimo, na jamaa wa nyuma akatangaza kwa uhakika kabisa, "Steringi ni mmoja wa hao hapo." Hakuna hata mtu mmoja aliyemtaja yule binti.

Alafu ndo ikaja ile korido ya gereza la vichaa. Huku mmoja kakaa, huku mwingine anamtupia maneno machafu (Ticha aligoma kuyatafsiri, akasema hilo tusi na humu kuna watoto), alafu mwisho wa korido kwenye kioo, Dokta. Kasimama wima katikati ya chumba, mikono chini, msafi, nywele zimelazwa, utadhani ni mwenye nyumba anayesubiri wageni wake wafike. Na anakutazama wewe. Ukubwani nimekuja kusoma kwamba mwongozaji, Jonathan Demme, alifanya makusudi: watu wengi wanaoongea na Clarice wanatazama kamera moja kwa moja, ila yeye mwenyewe anatazama pembeni kidogo, kwa hiyo wewe mtazamaji ndo umekalishwa kwenye kiti chake. Wakati ule hatukujua chochote kuhusu kamera. Nilichoona mimi ni kwamba mzee aliyekuwa kushoto kwangu, alikuwa anamenya karanga, kaacha kumenya, kajisogeza taratibu kwenye benchi akajificha nyuma ya kichwa cha mtu ili asiwe kwenye mstari na yale macho.

Kitu kimoja kilituokoa. Mwezi ule ilikuwa sensa, makarani wanapita nyumba kwa nyumba na madaftari yao, sasa Dokta anamsimulia Klara kuhusu karani aliyewahi kumfuata, na Ticha bila kupepesa: "Anasema alikuja karani wa sensa kumhesabu, akamla maini. Na maharage!" Banda zima likavunjika mbavu. Maini na maharage jamani, si yanauzwa hapo nje kwa mama ntilie. Watu bado wanacheka Dokta akafanya ule mvuto wa mate, ule wa meno, mnaujua. Kicheko kikakatika pale pale.

Katikati nitapita haraka. Kuna mdudu kwenye koo la maiti, kuna shimo alimofungiwa mtoto wa mbunge na kapu na losheni, kuna kambwa keupe. Dokta anatoroka akiwa kajivika uso wa askari, na hapo ndo palipotokea lile jambo: tulimpigia makofi. Banda zima. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri muvi iishe aanze ya Kihindi akasimama, "Nyie mna akili kweli? Kaua askari wawili huyo!" Ikawa kesi. Mmoja anasema Dokta ndo steringi kwa sababu ana akili kuwazidi wote. Mwingine anasema adui ni yule mkuu wa hospitali anayemtongoza Klara mlangoni. Mzee wa karanga akasema kwa sauti ndogo kwamba toka muvi ianze mwanaume anayemsikiliza yule binti mpaka amalize kuongea ni huyo mla watu peke yake, ingawa naye siku ya kwanza alimsimanga viatu vyake vya bei rahisi. Hilo halikujibiwa. Ticha akaongeza sauti akasema anayetaka mkutano aende kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sasa tulia hapa maana hapa ndo penyewe.

FBI wanamfuata Fundi Cherehani kwa ndege kule Illinois, wamejaa, wana silaha. Klara hayupo nao, katumwa mji mwingine Ohio kuulizia mambo madogo madogo. Ticha akasimama kwenye kiti. Akisimama ujue mwisho wa adui umefika, hiyo ilikuwa desturi yake. Askari mmoja kajifanya kaleta maua, anabonyeza kengele. Kule chini kengele inalia ukutani, Fundi anashtuka, yuko kwenye ugomvi na mtoto wa mbunge ambaye kakateka kambwa ka Fundi kule shimoni. Ticha anapiga kelele kwenye maiki mpaka spika inakwaruza: "Polisi washafika! Nyumba imezingirwa! Fundi leo unalo!" Watu wamesimama kwenye mabenchi. Kengele tena. Fundi anapanda ngazi. Askari wanavunja mlango.

Ndani hakuna mtu. Nyumba tupu kabisa.

Na Fundi anafungua mlango wake, na aliyesimama nje ni Dada Klara, peke yake.

Ticha hakusema kitu. Maiki ilikuwa bado wazi, kwa hiyo tulichosikia kwenye spika ni pumzi zake, hhh, hhh, na feni. Sijui ilichukua muda gani, labda ni sekunde chache tu, lakini nakumbuka nilimgeukia yeye badala ya TV, na mdomo wake ulikuwa wazi na mkono bado uko juu vile vile alivyokuwa anaonyesha polisi wanapoingilia. Sauti ikatoka nyuma, "Ticha, polisi wako wako wapi?" Akajibu neno moja, "Nyamazeni." Akakaa. Na toka pale mpaka mwisho hakutafsiri hata sentensi.

Kwa hiyo lile giza la chini ya nyumba, lile la rangi ya kijani, tuliliangalia bila mkalimani. Nondo katua kwenye nyuzi. Taa zimezimwa, Fundi kavaa miwani ya kuonea gizani, Klara anapapasa ukuta na bastola inatetemeka, na ule mkono unasogea kwenye nywele zake bila kumgusa. Mzee wa karanga anamwambia TV, "Geuka mama. Geuka." Bastola ya Fundi ikalia klik, Klara akageuka, akafyatua zote. Mabenchi mawili yalianguka. Steringi akapatikana bwana, dakika za mwisho kabisa.

Alafu Dokta akapiga simu yuko kisiwani na kofia yake, anamnyemelea mkuu wa hospitali, na makofi yakapigwa tena, machache kidogo, na yule mama wa muvi ya Kihindi safari hii hakusema kitu.

Mengine yanajulikana. Machi 1992 ilibeba Oscar zote tano kubwa, picha bora, mwongozaji, Anthony Hopkins, Jodie Foster na mwandishi wa skripti, na kabla yake zilizowahi kufanya hivyo ni mbili tu, ya 1934 na ya 1975. Hopkins mwenyewe wanaohesabu wanasema anaonekana kama dakika 16 tu. Na damu ni kidogo kuliko unavyokumbuka, rudia uone. Nyingi zimeiga baadaye, wauaji wenye akili, askari wenye majonzi ya utotoni, mafumbo, nimeziangalia sana na nyingine ni nzuri, ila nyingi ukishajua muuaji ni nani umeimaliza, huna cha kurudia. Hii tunajua kila kitu na bado tunarudi. Mi nadhani ni kwa sababu ya ile aibu ya makofi, kwamba unajua kabisa unamshangilia nani na unashangilia. Au labda ni macho tu ya yule Dokta. Binti wa dada nimemjibu kwamba ni mbaya, na nimemwandikia hivyo nikijua hajaridhika, mimi mwenyewe sijaridhika.

Kesho yake Ticha aliiandika tena ubaoni. Na kesho kutwa. Niliponyimwa hela ya tuisheni niliuza chupa. Sisi wa siku ya kwanza tulikaa benchi la nyuma, na ilipofika ile kengele Ticha akasimama kwenye kiti vile vile, mkono juu, "Polisi washafika! Nyumba imezingirwa! Fundi leo unalo!" kwa sauti ile ile ya kukwaruza, na wageni wakapanda mabenchi, na sisi hatukuwa tunaangalia TV, tulikuwa tunaangalia nyuso zao. Mlango ukafunguliwa, Klara peke yake, banda kimya, Ticha maiki wazi anahema, hhh, hhh. Hakukosea hata pumzi moja. Ndo maana mpaka leo sina uhakika kama ule usiku wa kwanza jamaa kweli aliingizwa mjini au alikuwa kashauangalia mkanda peke yake mchana.